Jana Lilifika, Leo Limekwama

Kyela inasafirisha mizigo ya aina mbili. Wa kwanza unaonekana kwa macho: kakao kwenye magunia, mchele, bidhaa zinazovuka Kasumulu kuingia Malawi, shehena inayopakiwa Itungi na Kiwira kwenda Lupingu, Manda na Mbamba Bay. Wa pili, wa data, hauonekani, ila wa kwanza hauendi mbali bila huo. Orodha ya wakulima wanaosubiri fedha baada ya mnada wa kakao inatoka kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwenda benki. Takwimu za afya za MTUHA zinatoka zahanati, zinapita wilayani, zinaishia kwenye mfumo wa DHIS2 wa wizara ya afya. Makusanyo ya halmashauri yanalinganishwa na malipo yaliyopita kwenye GePG, mfumo wa serikali wa kontroo namba ulioanza mwaka 2017. Nyaraka za forodha zinaingia kwenye mfumo wa TANCIS upande huu wa mto Songwe, na ng'ambo zinaingia kwenye ASYCUDA World ya Malawi. Sehemu ya mzigo huu bado huingizwa na mtu kwa mkono, lakini sehemu inayozidi kukua hubebwa na programu ndogo inayoamka usiku kwa ratiba, inafungua njia hadi seva ya mbali, inaweka faili, inaandika mstari mmoja wa kumbukumbu, kisha inalala.

Matatizo ninayoyachambua hapa huanza siku mfumo unapoboreshwa: seva mpya, toleo jipya la programu, au njia mpya ya VPN kati ya wilaya na makao makuu. Wiki ya kwanza kila kitu kinapita. Wiki ya pili faili la Jumanne halifiki, la Jumatano linafika, la Alhamisi linafika, la Jumatatu inayofuata limekwama tena. Asubuhi mtu akilituma kwa mkono, linapita bila ubishi. Kuharibika kabisa kungekuwa nafuu, kwa sababu mfumo uliokufa hupigiwa simu na kila mtu na hutengenezwa siku hiyohiyo. Unaokataa mara moja kati ya nne unaweza kuachwa hivyo mwaka mzima, watu wakijifunza kuishi nao, na kazi ya kurekebisha hesabu ikimwangukia karani ambaye hakuomba sasisho lolote.

Sababu zinazotolewa ni tatu, kutegemea unamuuliza nani. Wilayani watakwambia mtandao unasumbua. Makao makuu watakwambia kwao mfumo uko hewani. Mkandarasi atakwambia majaribio yote yalifaulu. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli kwa wakati mmoja, ndiyo maana simu zao huisha kila mtu akiwa ameshinda na faili likiwa halijafika.

Mimi nashikilia kwamba hitilafu ya kuja na kuondoka haibahatishi. Ina kigezo inachotumia kuchagua faili la kuzuia: ukubwa wake, seva iliyolipokea, wingi wa watumaji saa hiyo, saa yenyewe, au hatua ambayo faili lilikuwa limefikia lilipochukuliwa. Na sasisho mara nyingi halileti udhaifu mpya. Linaondoa uvumilivu uliokuwa unauficha udhaifu wa siku zote.

Chukua mvua. Ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Nyaya za Mkongo wa Taifa, unaofika hadi Kasumulu na kuunganisha Malawi, hazijali mvua. Lakini kutoka kwenye mkongo hadi kwenye ofisi yenyewe, au hadi mnara wa simu ulioko mbali na barabara kuu, mara nyingi data husafiri kwa mawimbi ya mnara kwa mnara, na mawimbi ya masafa ya zaidi ya gigahezi 10 hudhoofishwa na matone mazito. Mvua ikishuka kutoka milima ya Livingstone, laini hupungua kasi au hukatika kwa dakika chache kisha hurudi. Programu ya zamani ilikuwa na subira ya kizembe: ilisubiri jibu hata dakika kumi. Mpya imepangwa kukata tamaa baada ya sekunde 30, kwa sababu aliyeipanga aliijaribu kwenye ofisi yenye waya wa nyuzi za kioo. Mvua ni ileile, laini ni ileile, faili ni lilelile. Anayesema tatizo ni mtandao hajakosea, na anayesema tatizo ni sasisho hajakosea pia. Tatizo ni namba moja kwenye faili la mipangilio ambayo hakuna aliyeilinganisha na hali ya Kyela mwezi wa nne.

Kabla ya kuilaumu namba hiyo, hata hivyo, kuna mtego wa kalenda. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja katika pwani ya kusini mashariki mwa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Wiki moja kabla, kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga pwani. Ofisi yoyote iliyoboresha mfumo wake siku zile ilikuwa na kila sababu ya kulilaumu sasisho, na ingekuwa imelionea. Swali la kuanzia ni faili linaenda wapi hasa. Linalotoka Kyela kwenda kituo cha data cha Dar es Salaam halina lazima ya kugusa bahari. Linapanda Tukuyu, linafika Mbeya, linashuka na mkongo. Linalokwenda kwenye seva za kukodi Cape Town, Johannesburg au Ireland linaingia majini. Inashangaza ni ofisi ngapi haziwezi kujibu swali hilo, kwa kuwa waliuziwa huduma wakaambiwa iko "winguni". Ukijua njia, unaweza kuuliza kama waliokwama siku hiyo ni wa njia moja au ni wa njia zote, na hapo nusu ya washukiwa wanaachiwa huru.

Kigezo cha ukubwa ndicho kinachowasumbua watu wengi, na ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Data husafiri kwa pakiti. Kwenye mtandao wa kawaida wa ofisini pakiti moja haizidi baiti 1,500. Ukiongeza VPN, kila pakiti inavikwa koti la ziada la usimbaji, kwa hiyo nafasi iliyobaki kwa data yenyewe inapungua. Kifaa kilichoko katikati kikikutana na pakiti iliyozidi, kinatakiwa kuitupa na kumrudishia mtumaji ujumbe kwamba apunguze. Sasa, wasimamizi wengi wa fayawoli huzuia aina hiyo ya ujumbe kwa kudhani ni ya wadukuzi. Ni kama lori refu linalozuiwa kwenye kizuizi cha daraja halafu hakuna anayerudi kumwambia mwenye mzigo. Naye anaendelea kupakia malori marefu yaleyale. Wahandisi wa intaneti waliandika waraka rasmi kuhusu ugonjwa huu mwaka 2000, na bado unaua mafaili hadi leo.

Dalili yake ni ya kipekee. Kuunganishwa kunakubali. Nenosiri linakubaliwa. Orodha ya folda inaonekana. Faili dogo linapita. Faili kubwa linaanza, linasimama, halisemi kosa, mpaka muda unaisha. Kwa hiyo ripoti ndogo za kila siku zitapita mwezi mzima bila lawama, na ile ya kufunga mwezi itakwama. Kwa AMCOS, orodha ya malipo ya kipindi cha mavuno haba itapita, na ya kilele cha msimu wa kakao, yenye wakulima mara kumi zaidi, itagoma siku ambayo watu wamejaa nje ya ofisi. Huku bondeni watasema mtandao huwa mbaya mwisho wa mwezi. Uchunguzi wao ni sahihi kabisa. Tafsiri yake tu ndiyo imepotoka. Kipimo chake ni cha dakika tano: tuma faili la kilobaiti 1, la kilobaiti 100, la megabaiti 10, kwa saa ileile na laini ileile. Likipita dogo na kukwama kubwa kila mara, acha kuangalia nenosiri, angalia ukubwa wa pakiti kwenye ruta ya VPN na ruhusu ule ujumbe wa kupunguza upite.

Kigezo cha pili ni zamu. Taasisi kubwa hazipokei mafaili kwenye seva moja. Zina mbili au zaidi nyuma ya anwani moja, na kila anayebisha hodi anapelekwa kwa mojawapo. Uboreshaji wa tahadhari huanza na moja, nyingine zikiachwa zifanye kazi. Tahadhari hiyo ndiyo inayozalisha hitilafu ya nusu kwa nusu. Mfano unaojulikana duniani ni wa OpenSSH, programu inayolinda sehemu kubwa ya usafirishaji wa mafaili kwa SFTP. Toleo la 8.8, lililotoka tarehe 26 Septemba 2021, liliacha kukubali kwa kawaida saini za RSA zinazotumia SHA-1, kwa sababu SHA-1 ilikuwa imeshavunjwa na watafiti. Ufunguo wa RSA wenyewe haukuwa na kosa. Namna ya kuweka saini ndiyo iliyokuwa imepitwa na wakati. Programu za upande wa mtumaji zilizojengwa kabla ya namna mpya kuenea, ikiwemo maktaba ya Java iitwayo JSch ambayo mwandishi wake wa awali aliacha kutoa matoleo mwaka 2018, ziligonga mwamba. Seva zote zikiboreshwa siku moja, mtumaji wa zamani anakataliwa kila siku na tatizo linaonekana. Ikiboreshwa moja kati ya mbili, anakataliwa siku anayopelekwa kwa mpya na kupokewa siku anayopelekwa kwa ya zamani. Ukimwuliza msimamizi wa seva, atajaribu mara moja, ataangukia ile ya zamani, atakwambia mbona kwangu inakubali.

Watanzania wamewahi kuona jambo la aina hiyo hadharani bila kuliita hivyo. Mita za LUKU, kama mita nyingi za malipo ya kabla za kiwango cha STS duniani, zilikuwa zinahesabu dakika tangu Januari 1993 kwenye nafasi ya biti 24, na nafasi hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Kwa hiyo mwaka huo TANESCO iliwataka wateja waingize tokeni za ziada kabla ya ile ya umeme. Kwa miezi kadhaa nchi ilikuwa na mita zilizoboreshwa na ambazo bado, ndani ya mtaa mmoja, zikilishwa na mfumo mmoja. Jirani anaingiza tokeni zake bila shida, wewe unakataliwa, na hakuna kilichoharibika kwa yeyote kati yenu. Kipindi cha mchanganyiko kama hicho ndicho wanaoboresha mifumo ya mafaili husahau kukitangaza. Wanatangaza siku ya kuanza, hawatangazi muda ambao zamani na mpya vitaishi pamoja.

Kisha kuna msongamano, na hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulishangaa. Seva ya OpenSSH ina mpangilio wa kawaida unaoandikwa 10:30:100. Maana yake, watu kumi wakiwa mlangoni hawajamaliza kujitambulisha, seva inaanza kuwafukuza wanaofuata kwa bahati nasibu, asilimia 30 ya wanaokuja, na asilimia hiyo inapanda hadi wote wafukuzwe wakifika mia. Yaani kukataa mara moja moja kumetengenezwa makusudi, ili seva isizidiwe. Katika maisha ya kawaida hakuna anayefika kumi. Lakini ukizipanga ofisi za nchi nzima zitume saa 6 kamili usiku, kwa sababu msimamizi wa kila moja aliona saa 6 kamili inapendeza, mlango unajaa kwa sekunde chache. Laini ya polepole hutambulishwa polepole, kwa hiyo kila ofisi ya pembezoni inashikilia nafasi yake muda mrefu kuliko ya mjini, na foleni inazidi kurefuka. Saa 2 asubuhi karani anatuma peke yake, mlango uko wazi, faili linapita, na anaandika kwenye daftari kwamba mtandao umetulia.

Toleo la 9.8 la OpenSSH, la Julai 2024, liliongeza adhabu: anwani inayokosea mara kwa mara kujitambulisha inafungiwa kwa muda, na kwa kawaida kinga hiyo imewashwa. Ni jambo jema kwa usalama. Lakini watumiaji wa intaneti ya simu hawana anwani ya mtu mmoja mmoja. Kampuni ya simu huwaweka wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja. Kompyuta moja iliyosahauliwa kwenye kona ya ofisi, yenye ufunguo wa zamani, ikijaribu kila dakika usiku kucha, inaweza kuwaponza majirani ambao funguo zao ni sahihi. Tiba ya msongamano haihitaji seva kubwa zaidi. Kila ofisi ipewe dakika yake ya kutuma, au programu yenyewe isubiri muda wa kubahatisha kabla ya kubisha, na mlango unapumua.

Saa ni mada ambayo Kyela ingestahili kuandikiwa kitabu chake. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia ya UTC. Malawi iko saa mbili mbele. Ukivuka daraja la Songwe unarudi nyuma saa nzima. Faili lililotengenezwa Kasumulu saa 4:10 asubuhi, likisomwa na mfumo unaofuata saa ya Malawi bila kuangalia ukanda, limetoka wakati ambao haujafika. Na zipo programu zinazokataa kabisa kupokea kitu cha kesho. Seva mpya nyingi hufika zikiwa zimewekwa UTC. Kazi iliyokuwa inaanza saa 5:30 usiku inaanza sasa saa 8:30 usiku kwa saa za hapa, na tarehe ya faili, ikisomwa kwa saa za hapa, ni ya siku nyingine. Mfumo unaotafuta faili la tarehe ya jana haulioni, ingawa lipo kwenye folda. Ongeza juu yake mazungumzo ya simu kati ya fundi anayesema saa nne akimaanisha saa kumi ya kompyuta na mwenzake anayesikia saa nne ya kompyuta, na mmepishana saa sita kabla hamjafungua kumbukumbu za mfumo.

Umeme nao unaingia kwa mlango huohuo wa saa. Kompyuta iliyokaa miaka mingi ina betri ndogo ndani inayotunza tarehe umeme ukikatika. Betri hiyo ikifa, umeme ukirudi kompyuta inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Baada ya dakika kadhaa inapata saa sahihi kutoka kwenye mtandao na inajirekebisha. Mfumo wa zamani usiotumia vyeti vya usalama haukujali. Mfumo mpya unakagua cheti cha seva, na kwa kompyuta inayodhani ni 2009, cheti kilichotolewa mwaka huu hakijaanza kutumika. Faili linakataliwa kwa dakika zile chache tu baada ya umeme kurudi. Hakuna mhandisi wa Dar es Salaam atakayegundua hilo kwa kuangalia seva yake, maana upande wake umeandika tu kwamba fulani alikata mawasiliano. Mlinzi wa usiku aliyewasha jenereta anajua zaidi.

Nimeacha mwisho kigezo ninachokiogopa kuliko vyote, kwa sababu hakionekani kama hitilafu. Faili linaweza kuchukuliwa kabla halijakamilika kuandikwa. Upande mmoja unaandika orodha ya malipo kwenye folda. Upande wa pili unakagua folda hiyo kila baada ya muda na kubeba chochote unachokikuta. Zamani ukaguzi ulikuwa kila saa moja, na hata orodha ndefu iliandikwa kwa dakika mbili. Kukutana kulikuwa nadra. Sasisho likapunguza muda wa ukaguzi hadi kila dakika moja, kwa nia njema ya kuongeza kasi. Sasa siku orodha inapokuwa ndefu inabebwa ikiwa nusu. Kumbukumbu za pande zote mbili zinasema imefaulu. Wakulima wa juu ya orodha wanalipwa. Wa chini wanaambiwa majina yao hayakuletwa, na katibu wa AMCOS anaapa kwamba aliyaleta, na kweli aliyaleta. Hapo si kompyuta tena inayochunguzwa, ni uaminifu wa mtu mbele ya wanachama wake.

Dawa yake ni ya zamani na ya bure. Faili liandikwe kwa jina la muda, na likikamilika ndipo libadilishwe jina kuwa lile linalotafutwa, kwa kuwa kubadilisha jina hufanyika kwa mkupuo mmoja. Mstari wa mwisho wa faili ubebe idadi ya mistari na jumla ya shilingi, na mpokeaji akatae kitu chochote kisichojumlika. Makarani wa maghala walifanya hivyo kwenye karatasi, kwa kupiga mstari chini ya jumla na kutia saini. Nikiulizwa jambo moja tu ambalo halmashauri au ushirika udai kwa mkandarasi, nitataja hili, hata kabla ya kasi.

Ukishajua vigezo hivi, utaona kwa nini jibu la haraka linalotolewa na wengi, yaani tuma tena hadi likubali, lina hatari. Faili lililokwama kwenye dakika ya mwisho huenda lilifika, ila jibu la kupokelewa ndilo lililopotea njiani. Likitumwa tena bila namba ya kipekee ya kulitambua, malipo yaleyale yanaweza kuingia mara mbili. Kurudisha toleo la zamani nako si kurudi mahali salama. Juni 2012, kundi la benki la RBS la Uingereza liliboresha programu inayoratibu kazi za usiku za kusasisha akaunti za wateja. Walipoona dalili mbaya waliamua kuliondoa sasisho bila kujaribu kwanza matokeo ya kuliondoa, na toleo walilolirudia halikupatana na kazi zilizokwisha kuanza chini ya jipya. Wateja milioni 6.5 wa Uingereza waliathirika, baadhi kwa wiki kadhaa, na mwaka 2014 wasimamizi waliitoza benki faini ya jumla ya pauni milioni 56. Kazi za usiku zinategemeana: ya tatu haianzi mpaka ya pili imalizike. Ukizirudisha nyuma katikati, hakuna anayejua tena ni ipi imeshahesabiwa.

Uchunguzi wenyewe, basi, hauanzi na kompyuta. Unaanza na daftari ambalo linaandika mafanikio sawasawa na makosa, maana kigezo hakionekani kwa kutazama waliokwama peke yao. Tarehe, saa ya ukutani, ukubwa wa faili, laini iliyotumika, umeme ulikuwepo au jenereta, mvua ilinyesha au la, seva iliyojibu kama inajulikana. Nusu ya safu hizo ziko Kyela tu. Nusu nyingine, zile za seva na idadi ya waliokuwa mlangoni, ziko makao makuu tu. Mtu akiziweka karatasi mbili hizo kando kwa kando kwa mwezi mmoja, kwa kawaida kigezo kinajitokeza bila chombo cha gharama. Kinachokwamisha ni kwamba ripoti ya wilaya inafika ikiwa imefupishwa kuwa "mfumo haufanyi kazi vizuri", na jibu linarudi likiwa limefupishwa vilevile. Baada ya hapo ndipo fundi anaingia kazini kwa zana zake: kuunganisha moja kwa moja kwenye kila seva kwa anwani yake badala ya ile ya pamoja, kuongeza kina cha kumbukumbu, kunasa pakiti pande zote mbili kwa dakika ileile. Kunasa upande mmoja ni kusikiliza simu kwa sikio moja. Utasikia ukimya na hutajua ni wa nani.

Wakati huo kazi haisubiri. Afisa aliyekwama huweka orodha kwenye flashi akampa dereva wa Mbeya, au huirusha WhatsApp. Simlaumu, kwa sababu nje ya ofisi kuna watu wanaohitaji ada ya shule. Lakini tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, inatumika, na orodha yenye majina, namba za simu na akaunti za wakulima ni taarifa binafsi bila ubishi. Taasisi iliyoboresha mfumo kwa jina la usalama, kisha ikawaacha watumaji wake bila njia ya dharura iliyoidhinishwa, imehamisha hatari kutoka kwenye seva yake hadi kwenye simu ya karani. Njia ya dharura ni sehemu ya sasisho: faili lililofungwa kwa nenosiri, mahali maalumu pa kulipeleka, na mtu mwenye jina wa kulipokea na kulifuta likishaingizwa.

Mikataba mingi ya kuboresha mifumo huruhusu mkandarasi kukabidhi kazi baada ya wiki chache za majaribio. Kwa yale niliyoyaeleza, kipindi hicho hakitoshi kama hakikupita kufunga mwezi kwa ukamilifu, mnada mkubwa wa kakao, na walau wiki moja ya mvua nzito. Makabidhiano yakifanyika mwezi wa tisa, jua likiwaka, hitilafu itasubiri hadi mwezi wa nne, na mkandarasi atakuwa na kazi nyingine mahali pengine. Kitu kingine kinachopaswa kuingia kwenye mkataba ni kidogo zaidi na hukataliwa mara nyingi zaidi: ofisa wa TEHAMA wa wilaya apewe ruhusa ya kusoma, bila kubadilisha chochote, mistari ya kumbukumbu ya seva inayohusu mafaili ya wilaya yake. Sababu inayotolewa ya kumnyima ni usalama. Lakini mistari hiyo ni ya mafaili aliyoyatuma mwenyewe, na hakuna mtu mwingine nchini mwenye haraka ya kuisoma kama yeye, saa 2 asubuhi, foleni ikiwa imeshafika mlangoni.